Tasmania kwa gari: upande wa magharibi niende au niachane nao?

mtembezi_kiasi
Habari wakuu. Mimi na mke wangu tuko Melbourne, mwezi wa pili tuna likizo ya kama wiki hivi, tunataka tuvuke kwenda Tasmania tukodi gari tuzunguke kisiwa. Nimecheki ramani, Hobart mpaka Queenstown, ule mji wa machimbo wa magharibi, ni kama kilomita 260 tu, nikajipigia hesabu asubuhi tunaenda, tunapiga picha, jioni tunarudi, siku zinazobaki tunazimalizia kwenye fukwe za mashariki. Wife ndo hataki kusikia, anasema anataka mapori na ile miji ya machimbo ya zamani. Jamaa wa kazini naye ananiambia huko ni mvua na migodi iliyokufa, hamna kitu. Mliofika naombeni mwongozo. Na feri vs ndege ipi bora?

Kona_Kali
Mkuu hizo kilomita zisikudanganye. Ile barabara ya Lyell inayotoka Hobart kwenda Queenstown, ukishapita kijiji cha Derwent Bridge ni kona juu ya kona, na kila saa mtataka kusimama, Ziwa St Clair liko hapo pembeni (hakuna ziwa lenye kina kirefu kulizidi Australia nzima), mbele kidogo kuna maporomoko ya Nelson, unapaki unatembea kidogo tu msituni umefika. Ukienda na kurudi siku hiyohiyo utakuwa umeangalia lami. Laleni Strahan, mji wa bandari pwani ya magharibi, siku mbili tatu.

La muhimu zaidi, giza likianza kuingia paki gari. Wanyama wa kule wanatoka usiku, wallaby (kangaruu wadogo) wanaruka barabarani bila taarifa, na wombati, yule mnyama mfupi mnene, ukimgonga ni kama umegonga gogo, gari ndo inaumia. Halafu soma mkataba wa bima vizuri kabla ya kusaini maana mikataba mingi ina masharti kuhusu kuendesha usiku na barabara za changarawe.

bi_safari
Feri siku hizi haiondokei Melbourne, inaondokea Geelong, mnafika Devonport kaskazini ya kisiwa. Inafaa kama una gari yako. Sasa wewe unakodi kulekule, feri ya nini? Panda ndege, ni saa moja na kidogo. Na matunda msibebe, wana ukaguzi mkali wa mimea na wadudu, utaliacha embe lako mlangoni.

Mzee wa Shaba
Huyo jamaa wa kazini mwambie akae na fukwe zake. Queenstown huwezi kuifananisha na mji mwingine. Unashuka zile kona za mwisho unakutana na vilima vitupu, mawe ya njano na pinki, wakati ulikotoka ni msitu mnene mpaka unaogopesha. Walikata miti kulisha matanuru ya kuyeyushia shaba ya mgodi wa Mount Lyell, moshi wa salfa ukaua iliyobaki, mvua ikamalizia kwa kuosha udongo wote. Uwanja wao wa mpira ni changarawe tupu, na watu wanachezea hapohapo na kuangushana! Mwaka 1912 moto ulizuka mgodini wakafa watu 42, pitieni makaburini mtaelewa ule mji.

Halafu pandeni treni ya Queenstown kwenda Strahan. Mlima ni mkali kiasi kwamba katikati ya reli kuna reli ya meno, injini inajishika nayo kupanda. Ilijengwa miaka ya 1890 kushusha shaba bandarini, ikafungwa 1963, ikafufuliwa kwa ajili ya watalii.

pwani_kwanza
Mimi sitadanganya, Queenstown nilikaa mchana mmoja mvua haikukata hata dakika, maduka mengi yamefungwa, nikaona huzuni tupu. Kama muda ni mdogo lala Strahan, panda boti ya mto Gordon, inapita msitu ambao miti ya Huon mingine ina umri zaidi ya miaka 2000, na inasimama kisiwa cha Sarah walikokuwa wanafungiwa wafungwa kuanzia 1822. Hiyo inatosha.

Mzee wa Shaba
@pwani_kwanza mvua ndo magharibi yenyewe ndugu yangu, bila mvua huo msitu wa Gordon ungeuona wapi? Ila boti nakuunga mkono. Na mji wa Zeehan msiuruke, ni jirani tu, enzi za machimbo ya madini ya fedha na risasi ulikuwa na ukumbi wa maonyesho mkubwa, umejengwa 1899 na mpaka leo umesimama kwenye mtaa ambao karibu hauna mtu.

mtembezi_kiasi
Daah asanteni sana, wife kasoma hapa anacheka tu. Kwaiyo tunaruka mpaka Hobart, tunalala Strahan siku tatu, treni, boti, Zeehan, halafu tunapanda mpaka hifadhi ya Cradle Mountain na kumalizia mji wa Launceston. Fukwe basi tena. Cradle naingia na gari mpaka ziwani?

bi_safari
Hapana, Dove Lake, hilo ziwa la Cradle, mchana gari binafsi haziruhusiwi, unapaki kwenye kituo cha wageni unapanda basi lao. Pasi ya hifadhi nunueni mapema, ile ya hifadhi zote, maana hata St Clair mtaihitaji. Na makoti ya mvua, mwezi wa pili ni kiangazi kule lakini mlimani baridi haina adabu.