Mume wangu kanipa alama 4 kwenye ukweli, na wote wawili tunaongoza kikoba. Naombeni ushauri

Mama_Genge: Wakuu habari za jioni. Mimi na mume wangu tuko Ujiji, yeye ni mwenyekiti wa kikoba, mimi mweka hazina. Mgao ni Desemba, na wanachama wanataka tuendelee mzunguko ujao. Tukakubaliana tupimane kwanza tabia, alama kati ya 10. Kanipa subira 8, kutunza siri 9. Ukweli 4. Usiku wa tatu huu silali. Nifanyeje nipande?

Mwanga_Sokoni: Mke na mume, mwenyekiti na hazina? Kikoba mmekigeuza sebule. Mmoja aachie.

Bi_Mkubwa: Mwanangu, mimi na marehemu tuliongoza kwaya miaka 11. Kila Ijumaa nikimpelekea chai namuuliza, wiki hii nimekukwaza wapi? Siku moja akasema nakaripia waimbaji mbele za watu. Nilinuna hadi Jumapili, ila niliacha.

Fundi_Cherehani: Nne si haba dada, wangu angeninyima hata karatasi.

Katubuka: Mtu hatoi 4 hivi hivi. Kuna nini?

Mama_Genge: Sawa. Mwaka huu wa 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, dagaa hakuna, genge likafa, na mama akalazwa. Nikachukua laki sita za kikoba. Nimesharudisha nne. Nataka nimalizie kimya kimya kabla ya mgao, ndipo nimwambie. Sikuiba, jamani.

Mwalo_Kibirizi: Chai hii. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na pesa zinahesabiwa kila kikao. Ulizitoaje? Tuhadithie vizuri.

Mwanga_Sokoni: Hapo kweli. Nasubiri.

Mama_Genge: Zilitoka kikaoni, mbele ya wote. Mkopo wa dada yangu. Alisaini yeye, nikapokea mimi, maana nilishafika kikomo changu cha kukopa. Mume wangu ndiye aliyeidhinisha. Dada kaapa hatasema.

Mwalo_Kibirizi: Samahani dada. Hiyo si chai.

Bi_Mkubwa: Kwa hiyo mumeo aliidhinisha uongo bila kujua. Na wewe yeye ulimpa ngapi kwenye ukweli?

Mama_Genge: Tisa.

Katubuka: Mwambie leo, usingoje Desemba.

Mama_Genge: Yuko Kasulu kwenye maharage. Anarudi kesho jioni.