Naombeni ushauri, Old Sarum au Dunwich?
Wakuu habari zenu, naandaa insha ya majimbo ya uchaguzi ya Uingereza yaliyofutwa na sheria ya mageuzi ya bunge ya 1832 na mwalimu anataka jimbo moja tu. Old Sarum ilikuwa kilima kitupu karibu na Salisbury, watu walishahama karne nyingi nyuma, ila bado ilikuwa inapeleka wabunge 2 London, babu wa William Pitt Mkubwa (aliyekuja kuwa waziri mkuu) alilinunua jimbo kama shamba na mjukuu huyo akaanzia ubunge hapo 1735. Dunwich nayo mji ulikuwa umeliwa na bahari na wabunge wake 2 walikuwa palepale, huku Manchester na viwanda vyote vile haikuwa na hata mmoja, hahaha! Mimi napenda Old Sarum ila naona darasa zima litaikimbilia. Nyie mngechukua lipi, na nianzie wapi?