Gome la mkorosho limeua bakteria, sasa shangazi anataka kuacha hospitali

MwanaNewala: Wakuu, habari zenu. Nipo mwaka wa tatu chuo, likizo nyumbani Newala. Mradi wangu ni gome la mkorosho, lile bibi anachemshia tumbo la kuendesha. Niliroweka unga wake kwenye ethanoli (spiriti) siku tatu, nikachuja, nikadondoshea kwenye vishimo vya sahani yenye bakteria wa majipu. Asubuhi nakuta duara safi kabisa lisilo na bakteria, upana milimita 16 kwa rula. Nikatupia picha grupu la familia: "Dawa ya bibi inaua!" Shangazi ana uvimbe wa titi, anatakiwa hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar, mwezi ujao. Kasema haendi, achemshiwe gome. Baba ananiangalia mimi tu.

Mikindani_Lab: Mdogo wangu, kishimo cha ethanoli tupu uliweka? Kilisoma ngapi?

MwanaNewala: 11. Hicho sikukipiga picha.

Mikindani_Lab: Ndiyo hapo sasa. Spiriti yenyewe inaua. Ungeikausha yote kwanza, ukayeyusha upya kilichobaki, na pembeni ukaweka jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, ya kulinganishia. Halafu bibi anatumia maji, wewe umepima kitu kingine. Na bakteria si seli ya mtu. Kansa hupimwa kwenye seli zinazooteshwa maabara, kama zile za kansa ziitwazo HeLa, zinazooteshwa tangu 1951, na lazima dawa ijaribiwe pia kwenye seli zenye afya, maana kitu kinachoua zote ni sumu tu.

MamaMbanguaji: Mwanangu, mimi nimebangua korosho Lindi miaka mingi. Yale mafuta ya ganda yamenibabua vidole mpaka alama zimepotea. Hayo nayo si yataua hizo seli zenu? Nani atakunywa?

Mikindani_Lab: Umemaliza, mama. Ila miti tusiidharau. Lile ua la vinka tunalopanda mbele ya nyumba, watafiti Noble na Beer kule Kanada walilichunguza wakitafuta dawa ya kisukari, wakakuta seli nyeupe za damu za panya zinashuka. Mwaka 1958 wakatangaza kemikali waliyoitoa humo, vinblastini. Leo ni dawa ya kansa, lakini inapimwa kwa miligramu na kuingizwa mshipani. Ukichemsha majani yake unywe, unajitafutia balaa.

MwanaNewala: Nimeandika kwenye grupu habari ya kile kishimo cha spiriti. Shangazi akanipigia: "Kwa hiyo ulinidanganya?" Nikakosa la kusema. Bibi alikuwa karibu, akaidaka simu: "Mimi gome nampa anayeharisha. Nani kakwambia titi?" Basi la Dar tumekata tiketi mbili, namsindikiza.