UKOO WA CHUMBAGENI 🏠

*Shangazi Zuhura 07:12*
Asalaam alaykum. Paka wetu Mchele katolewa kizazi jana, yuko kwa Mama. Siku 10 haruki, halambi nyuzi. Jumamosi Mama ana hitma Muheza. Nataka majina ya zamu, Ijumaa usiku mpaka Jumapili.

*Shangazi Zuhura 07:40*
Mmesoma kumi na mmoja. Naona.

*Salim 08:55*
Nilipopasuliwa kidole tumbo zamu yangu aliipanga nani? 😂

*Shangazi Zuhura 08:56*
Ulikuwa na mke. Majina.

*Neema 09:20*
Shangazi, kajibanza nyuma ya kabati, nikimkaribia ananitolea meno. Huyu si Mchele.

*Shangazi Zuhura 09:22*
Ndiye. Anaumwa, na dawa ya usingizi haijamtoka. Usimvute. Mtandikie khanga ya Bibi ambayo haijafuliwa, asikie harufu yake. Kaa chini, mbali kidogo. Akifumba macho taratibu, nawe fumba.

*Hamza 09:23*
Neema anakonyezana na paka 😂😂

*Neema 09:51*
Katoka! Kala samaki vijiko viwili, sasa anakoroma ile ya raha.

*Shangazi Zuhura 09:52*
Hata akiumwa hukoroma. Tazama mshono asubuhi na jioni. Ukivimba au ukinuka, mpigie daktari.

*Mama Rehema 10:10*
Si mumpe nusu Panadol apumzike.

*Shangazi Zuhura 10:10*
PANADOL INAUA PAKA. Hata kipande!!

*Mama Rehema 10:14*
Haya. Mimi ndiye muuaji siku zote. Kama lile tangi.

*Shangazi Zuhura 10:15*
Ya tangi yaacheni.

*Salim 10:16*
_Ujumbe huu umefutwa_

*Hamza 10:17*
Coastal wanacheza leo saa ngapi?

*Neema 10:40*
Hapa ni Bibi, namwandikia: "Nimesomewa yote. Paka huyu alimlalia baba yenu miguuni mpaka siku aliyotoka humu ndani. Muheza siendi. Na tangi nilishasamehe. Anayelitaja, ananitaja mimi."

*Mama Rehema 13:05*
Tumekusikia, mama. Nenda hitma. Jumamosi nitakaa naye mimi.

*Shangazi Zuhura 13:06*
Ahsante dada. Ijumaa usiku nani? Neema anasema ile kola ya shingoni kaivua, iko uvunguni.

*Hamza 13:30*
👍

*Shangazi Zuhura 13:31*
Hamza, dole hilo ni la Ijumaa au la kola?

*Mjomba Athumani 21:48*
Ndiyo kwanza nafungua simu. Nani kapasuliwa?