Kutu pale springi inaposhika bodi: kiraka, kukata, au gari liende chakavu?

BabaWatatu
Wakuu, gari letu la familia la viti saba limeanza kulia "kong" nyuma kila nikivuka tuta. Nikajua bushi (raba za viungo vya chini) zimekufa. Fundi kalipandisha akanionyesha: pale springi ya nyuma inapoegemea bodi, bati limefura na kumenyuka kama maganda ya kitunguu. Kulia kuna tobo, kidole kinaingia. Mbele, subfremu (fremu ndogo ya chuma chini ya gari) ina kutu pia ila bado ngumu. Kanipa njia tatu: apige kiraka, akate kipande chote aweke kipya, au niuze chakavu. Injini haina tatizo lolote, ndicho kinachoniuma. Mngefanya lipi?

Spana17
Kiraka. Langu nililipiga kiraka mahali hapo hapo, huu mwaka wa pili natembea. Bati nene, praima, lami juu, kwisha.

FundiBati
Spana, hicho kiraka umekichomelea kwenye nini? Kutu ya hapo huanzia ndani ya boksi, yaani ule mhimili wa bati ulio tupu ndani, matope yanapoziba matundu ya kutolea maji. Tobo likionekana nje, ndani pameshaliwa zaidi. Ukishika bati nene kwenye bati lililobaki kama karatasi, kiraka kitabaki kizima, kitakachochanika ni pembeni yake. Na lami juu ya kutu inafungia unyevu. Kuna gari niliikwangua, chini hamna chuma, lami ndiyo ilikuwa imeshikilia umbo!

BabaWatatu, ukichagua kukata, kata hadi chuma kizima, hata kama tobo la kidole litageuka la viganja viwili. Kipande kipya kilingane unene na bodi, mshono uende mfululizo. Puti na faiba hazina kazi hapo. Vipimo vichukuliwe pande zote kabla ya kukata, la sivyo alaimenti haitakaa na tairi zitaliwa upande. Betri ifunguliwe, na kama tangi la mafuta liko jirani lishushwe. Mwisho nta ndani ya boksi, matundu yaachwe wazi.

MamaPacha
Subfremu isikutishe sana kaka. Inafungwa kwa bolti, ikifika mwisho unabadilisha nzima. Kagua tu pale bolti zinaposhika bodi. Huko nyuma ndiko kwenye kesi. Uingereza, kwenye MOT, ukaguzi wao wa usalama wa magari, kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka hapo inafelisha gari. Chukua bisibisi na nyundo, pima eneo hilo lote, kushoto pia. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu.

MzeeWaJeki
Na jeki usiiweke karibu na hapo, itapenya.
Msidhani kutu hii ni ya magari yaliyotelekezwa tu. Mwaka 2010 Ford iliita zirudishwe kurekebishwa Windstar, gari zao za familia, za 1998 hadi 2003 kwa sababu ekseli ya nyuma ililiwa na kutu hadi kuweza kukatika, hasa kwenye majimbo ya Marekani yanayomwaga chumvi barabarani. Wewe umebahatika kusikia "kong". Watoto wasipande mpaka ujue.

Spana17
Nimeingia uvunguni na bisibisi. Naomba nisiseme zaidi.

BabaWatatu
Nimepima. Kulia sauti butu karibu nusu mita. Kushoto, nilikodhani kuzima, bisibisi imezama mara mbili, na mshono unaounganisha boksi na sakafu umeachia.

FundiBati
Upande mmoja ningekuambia kata. Pande zote na sakafu juu yake, huyo fundi atashika wapi? Anaweza kujenga upya nyuma yote, ila utakuwa unalipia bodi mpya kwa vipande. Injini na giaboksi zina mnunuzi, zivue kwanza, bodi ndiyo iende chakavu.

BabaWatatu
Nimekuelewa fundi. Funguo nimezificha, maana mama watoto alishataka kulipeleka sokoni "mara moja tu". Nikimaliza kuvua injini naleta picha.

MamaPacha
Viti vya nyuma kama ni vizima usimpe mtu, nakuja PM.