Samaki wa posa: soko la Mji wa Kale, Kongowea au kwa wavuvi pwani?

Dada_wa_Bamburi
Assalaam aleikum. Jumapili hii watu wanakuja kumposa mdogo wangu, na mama ameshakata shauri: hakuna kuku wala mbuzi, ni samaki. Kununua nimeachiwa mimi, na kila mtu nyumbani ana lake. Kaka anataka niende soko la samaki la Mji wa Kale wa Mombasa, pale karibu na Bandari ya Kale. Jirani anasema nisivuke daraja bure, nisubiri wavuvi hapa hapa Bamburi ninunue mikononi mwao. Shangazi anasema soko la Kongowea, kwa sababu nazi na ndimu nitazipata humo humo. Na yuko anayesema nichukue tu wa barafu supamaketi nisijisumbue. Nataka samaki wabichi kweli kweli, siku hiyo si ya kuaibika. Mngekuwa nyinyi mngeenda wapi?

Nahodha_Mstaafu
Wa aleikum salaam, mwanangu, na hongereni. Ila swali lako hivyo lilivyo halijibiki. Watu wangapi? Mnapika wa kupaka, wa kukaanga au biriani? Samaki mzima au mapande? Mzigo unabebwa na gari au matatu?

Halafu kumbuka tuko Julai. Kusi inavuma, vyombo vidogo havitoki nje ya miamba kila siku, na vinavyotoka hurudi na kidogo. Anayekutajia bei za Januari asikuchanganye. Zile ni za kaskazi, bahari imelala na nguru na jodari wanaingia kwa wingi. Jingine, Ijumaa wavuvi wengi hawaendi baharini. Samaki utakayemkuta sokoni Ijumaa jioni, mara nyingi ni wa Alhamisi. Panga safari yako Jumamosi.

Bi_Mkubwa_Kibokoni
Mji wa Kale, wala hakuna la kujadili. Mimi nimekulia Kibokoni na samaki wa kwetu wametoka pale miaka yote. Nenda asubuhi mapema mnada ukiwa bado moto. Utaona changu, tewa, kolekole, pono, tafi, unachagua kwa macho yako, na pembeni wapo vijana wa kupara magamba na kutoa matumbo kwa pesa kidogo.

Lakini usimkabidhi mtu samaki ampare kabla hujamkagua. Inua kifuniko cha shavu kwa kidole gumba. Matamvua ya ndani yawe mekundu, yametengana moja moja. Ukiyaona yamekuwa rangi ya chai na yameshikana kwa ute mzito, mrudishe mezani. Kisha mbonyeze mgongoni, chini kidogo ya pezi. Nyama irudi papo hapo, kidole kikiacha shimo huyo amelala. Harufu iwe ya bahari. Jicho usilitegemee peke yake, maana samaki aliyelazwa kwenye barafu jicho hufanya ukungu na nyama bado nzima. Na wale wanaomwagia samaki maji kila dakika ili ang'ae, wewe fungua shavu tu.

Mla_Tafi
Bi Mkubwa nakuheshimu sana, lakini kwa nini mtu atoke Bamburi, akae kwenye foleni ya daraja la Nyali, aende kufuata samaki ambaye pengine amevuliwa huko huko kwao? Wavuvi wa mitumbwi wako Bamburi na wako Nyali. Mjue mmoja, mpigie simu usiku, asubuhi unakuta amekuwekea. Huyo ametoka majini saa mbili tatu zilizopita. Wa sokoni huenda amesafiri kutoka Shimoni au Vanga.

Na ukienda chukua tafi. Tafi wa kuchoma akapakwa tui hana mpinzani.

Nahodha_Mstaafu
Mla Tafi, umbali haumwozeshi samaki, joto ndilo linalomwozesha. Wa Vanga aliyelazwa kwenye barafu tangu alipopandishwa chomboni ni bora kuliko wa Bamburi aliyelala kwenye sakafu ya mtumbwi, jua linampiga, hadi saa nne asubuhi. Nimefanya kazi hii, nawajua wavuvi wanaotoka bila hata kipande cha barafu. Kabla ya kumuuliza mvuvi alivua wapi, muulize alibeba nini cha kuhifadhia.

Dada_wa_Bamburi
Shukran sana. Watu ni kama 40, wa kwao na wa kwetu. Ni wa kupaka na wali wa nazi. Tafi mama amekataa, anasema miba itawatesa wazee. Anataka changu au kolekole.

Fundi_Likoni
Sasa tunaweza kuongea. Watu 40 kwa samaki wazima, piga nusu kilo kila mtu, ni kilo 20. Mvuvi wa mtumbwi yupi atakupa kilo 20 za changu wa saizi moja asubuhi moja, tena Julai? Atakuletea changu watatu, pono mmoja, mkundaji wawili na maneno mengi. Pwani kwa wavuvi ni pazuri kwa chakula cha nyumbani. Kwa shughuli nenda kwa tajiri wa samaki, yule muuzaji wa jumla, Mji wa Kale au hapa kwetu Likoni, agiza Alhamisi, mwachie rubuni, pesa ya kushikilia mzigo, Jumamosi unakwenda kukagua na kubeba. Asipokuridhisha mwambie akubadilishie hapo hapo.

Kubwa zaidi: mtawaweka wapi hadi Jumapili? Kwa joto letu, kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu. Kwa hiyo ni kilo 20 za barafu, na chombo chenye tundu chini la kutolea maji. Samaki akiogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka anapoteza ladha na nyama inalegea.

Umm_Swaleh
Nimesoma mkitaja jodari hapo juu nikashtuka, acheni niseme yaliyotupata.

Tulikuwa na hitima nyumbani. Jodari tulimnunua kwa muuzaji mmoja ambaye sitamtaja wala sitataja alipo. Samaki alikuwa mzuri wa kumtazama, nyama nyekundu, hana harufu yoyote mbaya. Kumbe alikuwa amelala mezani tangu asubuhi, amefunikwa gunia la maji tu, barafu hakuna. Akaletwa kwetu adhuhuri juu ya bodaboda, ndani ya mfuko wa plastiki. Tukampika mchuzi vizuri kabisa, ukachemka.

Watu wamekula, hata sahani hazijaondolewa, mama mkwe akasema midomo inamwasha. Mara uso wote ukawa mwekundu hadi masikioni. Binti wa jirani akaota vipele shingoni na mikononi, mzee mmoja akashika kichwa anasema moyo unamwenda mbio. Ndani ya ukumbi zikaanza kauli za jicho la hasidi, wengine wanasoma Ayatul Kursi, wengine wanatafuta ubani. Tukawakimbiza hospitali. Wote waliokuwa wanalalamika walikuwa wamekula jodari, waliokula nyama hawakuwa na neno. Swali la kwanza la daktari lilikuwa: mmekula samaki gani, na alikaa wapi kabla ya kupikwa?

Alhamdulillahi walipona wote, jioni wakarudi nyumbani. Yule muuzaji tulipomwendea akatuambia ni pilipili yetu. Mpaka leo nikipita pale moyo unachemka, kwa sababu meza yake bado haina barafu na watu wananunua.

Siha_Kwanza
Pole sana, Umm Swaleh. Mimi ni muuguzi na haya tunayaona. Kilichowapata ni histamini. Jodari, nguru, vibua na wale samaki simsim wana kemikali ya asili ndani ya nyama zao ambayo vijidudu huigeuza histamini samaki akikaa kwenye joto. Ikishafanyika ndiyo imefanyika: kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, na mara nyingi harufu haibadiliki. Ndiyo maana watu hupika kwa nia safi na bado wakaumia. Dalili huanza dakika chache hadi saa moja au mbili baada ya kula. Mtu akihisi ulimi unachoma kama pilipili na hakuna pilipili, ateme na chakula kiondolewe mezani.

Dada wa Bamburi, changu si wa jamii hiyo, kwake hatari hii ni ndogo. Kolekole angalia zaidi, yeye yuko karibu na kina vibua. Barafu iwepo kwa wote.

Mtu_wa_Tudor
Basi hapo mmeshanijibia. Supamaketi kuna friji, kuna bei iliyoandikwa, kuna risiti. Samaki akiwa mbaya unarudisha. Mnada wa nini, foleni ya nini?

Bi_Mkubwa_Kibokoni
Muuguzi amekwambia sasa hivi kugandisha hakuondoi kitu. Friji ya dukani inakuonyesha samaki yuko wapi leo. Alikaa wapi jana, huijui. Tena wengi wanaouzwa kwenye zile friji ni tilapia wa kufugwa, wengine wametoka China. Watu wanakuja kuposa pwani, uwape tilapia?

Na kwa kupaka mimi sikubali samaki aliyegandishwa. Akiyeyuka anatoa maji, ukimweka juu ya makaa nyama inabomoka, tui linateleza na kudondokea motoni. Samaki mbichi ngozi inashika, unapaka, unageuza, unapaka tena, tui linakauka juu yake tabaka kwa tabaka.

Mtu_wa_Tudor
Si kila aliyegandishwa ni tilapia, Bi Mkubwa. Wapo changu na nguru wa hapa hapa wanaogandishwa. Mke wangu huwayeyusha ndani ya friji usiku kucha, anawakausha kwa kitambaa, na hawabomoki.

Fundi_Likoni
Jambo moja kuhusu changu wa saizi ya kiganja wanaouzwa kwa mafungu. Dada, hata wakiwa rahisi waache. Wengi wao ni wa juya, ule wavu wa kukokota, na juya imepigwa marufuku Kenya tangu 2001. Inakokota kila kitu, nyasi za bahari na watoto wa samaki. Watu wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, wanahangaika nayo kila siku, nasi tunanunua. Halafu tunauliza kwa nini changu wakubwa wamepotea.

Mla_Tafi
Hilo ni kweli. Lakini mvuvi mwenye juya naye ana watoto, na kusi yote hana pesa ya chombo cha kutoka nje ya miamba. Marufuku peke yake haikumpa chombo.

Fundi_Likoni
Sijasema hana watoto. Nasema tusinunue. Mimi pia nina watoto, nataka wamjue changu.

Umm_Swaleh
Na tui, dada yangu, kuna nazi. Usidanganywe na tui la pakiti kwa watu 40. Kongowea huko ndiko kwa nazi, hapo shangazi yako hakukosea. Viungo nenda soko la Marikiti. Tui la kwanza liweke kando la kupaka, la pili lipikie wali. Ndimu, thomu, tangawizi, pilipili mbichi, bizari kidogo tu.

Bi_Mkubwa_Kibokoni
Ndimu au ukwaju? Kwetu ni ukwaju.

Umm_Swaleh
Ndimu wakati wa kumkolezea samaki, ukwaju ndani ya tui. Vyote viwili.

Nahodha_Mstaafu
Nimeangalia upepo. Kama hautatulia kufikia Jumamosi, changu watakuwa wachache hata Mji wa Kale. Muulize tajiri tewa pia. Ana nyama nene na miba mikubwa, wazee hawatapata tabu.

Dada_wa_Bamburi
Mungu awabariki nyote. Nimeshampigia mtu wa Mji wa Kale, anasema changu wa nusu kilo kilo ishirini zote hana hakika nazo, huenda akanichanganyia na tewa. Kaka naye amempata mvuvi wa Nyali anayesema atajaribu. Sijaamua bado. Na sasa mama ameongeza: anataka na kamba wa baharini kidogo kwa ajili ya meza ya wazee.

Siha_Kwanza
Uliza kwanza upande wa bwana harusi kama yuko asiyepatana na kamba. Mzio wa kamba si mchezo, na kwa mzee ni vibaya zaidi.

Fundi_Likoni
Kamba ukimshika, kichwa kiwe kimekaza. Kikining'inia au kimeingia weusi mwache. Na wao wanaharibika upesi kuliko changu, wachukue wa mwisho kabisa na waingie barafuni wa kwanza.

Bi_Mkubwa_Kibokoni
Kamba wa masala au wa nazi? Kama ni wa nazi, hizo nazi zenu hazitatosha.