Flutter, React Native au Jetpack Compose kwa programu ya mnada wa samaki?

Raskazone_Kodi
Wakuu, habari za jioni. Mwenzenu nina ugonjwa: nikisikia imetoka zana mpya ya kutengeneza mwonekano wa programu, silali. Programu yangu ya madalali wa samaki pale soko la Deep Sea, Tanga, ni ya Android, kwa lugha ya Java, na mwonekano wake kwa XML, na inafanya kazi bila shida. Ila wiki hii nimeiandika upya skrini moja tu, ile ya kujaza aina ya samaki, matenga mangapi na bei, mara tatu kwa zana tatu hizo za kwenye kichwa hapo juu.

Flutter imenikosha. Unabadili rangi, unahifadhi, simu inageuka papo hapo na ulichokwisha jaza hakifutiki. Lugha yake, Dart, sikuwahi kuigusa, lakini aliyezoea Java haimsumbui. Hata kalenda yake ya kuchagua tarehe ina Kiswahili tayari. Compose nayo tamu, lugha yake Kotlin mwanzo mwisho. React Native nimeimaliza kwa shida, mimi na lugha yake ya JavaScript chungu kimoja hatuivi. Nyie mmetua wapi?

FundiChuda
Madalali wako wangapi wana iPhone? Kama hakuna, unahangaika bure na zana za kuandika mara moja kwa Android na iPhone. Compose unaichomeka skrini moja moja ndani ya programu hiyo hiyo, Java yako ibaki ilipo. Flutter nayo inachomekeka, ila inakuja na injini yake ya kuchora kila kitu, haitumii vitufe vya simu yenyewe. Mzigo wote huo kwa skrini moja? Na siku wakija wa iPhone, ipo Compose Multiplatform ya kampuni ya JetBrains, Compose inayokwenda hadi iPhone, na upande huo imeshakomaa tangu 2025.

BintiPangani
Kaka Raskazone, umeinyima haki React Native kwa sababu ya lugha usiyoipenda. Vitufe vyake ni vya simu yenyewe, halafu ukirekebisha JavaScript tu unaweza kuwarushia watu marekebisho bila kupakia toleo jipya dukani. Nina wateja Pangani wasiogusa kitufe cha kusasisha mwaka mzima, hilo limeniokoa.

Mla_Bando
Mimi niliumbuka na Flutter, na kosa lilikuwa langu. Mzee mmoja mteja wangu ameweka maandishi makubwa kabisa kwenye simu, macho hayamsaidii. Bei ya 45,000 ikatoka nje ya ukingo, sifuri ya mwisho haionekani. Kwenye majaribio Flutter inakuchorea mistari ya njano na nyeusi ukingoni, huwezi kukosa kuiona. Kwenye toleo la mteja mistari haitokei, na mimi nilikuwa nimejaribu kwa maandishi ya kawaida tu. Mzee kanipigia: “Mwanangu, mbona changu wamekuwa bei ya dagaa?” Zana yoyote utakayochukua, kuza maandishi kwanza ndipo uisifie.

Mkongwe_Ngamiani
Tanga twasema waja leo waondoka leo. Nilijifunza Xamarin, zana nyingine ya aina hii, mpaka nikaiota, Mei 2024 Microsoft wakaisitishia msaada. Java na XML yako ina kosa gani?

Raskazone_Kodi
Haina kosa, mzee wangu. Ni mkono tu unawasha.

Nimetoka Deep Sea sasa hivi. Nilimpa dalali mmoja simu yenye skrini zote tatu, kidole kimejaa magamba, nyuma watu wanapiga kelele za bei. Hajaona tofauti yoyote. Akaniuliza tu: “Kitufe cha kufuta umekiweka ubavuni mwa cha kuhifadhi kwa nini?” Nimekagua, kosa hilo nimelirudia mara tatu, moja kwa kila zana.

Naanza na Compose, skrini hiyo moja, kitufe cha kufuta kikae mbali na cha kuhifadhi. Flutter nitaichezea usiku. Dada BintiPangani, nitumie mfano wako wa kurusha marekebisho, nami nitajikaza na JavaScript.

BintiPangani
Nimekutumia. Usije ukasema hukulala.